T ya Turbo, T ya Tumbo

Kwanza kabisa: mama mkwe hakuruka dirishani. Alishuka kwa mlango, tena taratibu, kuku wake kwapani, akaenda kusimama chini ya mwembe na kuanza kujipepea kwa mtandio. Jamaa yangu aliyerusha mtandaoni ile video ya sekunde 27 ya gari langu lililofuka moshi analijua hilo vizuri, maana ndiye aliyemshikia mama kikapu. Lakini ameona bila dirisha hainogi. Akaibandikia na taarabu.

Pili, injini haijafa. Jana mtu wa Kasulu kanipigia kunipa pole ya injini. Kasulu, jamani! Ndiyo maana nimeamua kuandika mwenyewe kabla habari haijavuka ziwa ikafika Kalemie.

Wenye Subaru Forester za turbo kama yangu mnaujua ugonjwa wenyewe. Injini, hata ikiwa nzima kiasi gani, kuna hewa inapenya kwenye ringi za pistoni na kushuka tumboni mwa injini, kule chini inakokaa oili. Hewa hiyo lazima itoke, la sivyo itatafuta njia kwenye sili na oili itaanza kulia kila pembe. Gari likinguruma tu bila kukanyagwa, manifodi (mabomba yanayogawia silinda hewa) inaifyonza kupitia valvu ya PCV, ile ya njia moja, mambo shwari. Ukikanyaga, turbo, ile feni ya kusukumia injini hewa, ikaanza kusukuma, manifodi inajaa presha, valvu inajifunga, na mvuke wote unapandia mipira ya hedi (vichwa vya injini) kwenda kwenye bomba la hewa linaloingia turbo. Mvuke huo hauendi peke yake, unakwenda na oili. Oili inapaka intakula (kipoozeo cha hewa ya turbo), inaingia kwenye silinda, petroli inakosa uvumilivu na kulipuka kabla ya wakati wake, injini inaanza kugonga. Na pistoni za EJ20, ndiyo injini yenyewe, zikigongwa hazina subira ya Ayubu. Zinavunjika kwenye kingo za ringi.

Dawa yake ni kitenganishi cha oili na hewa, mimi naliita kopo. Mvuke unaingia, unapigwa chenga na vizuizi vya ndani, oili inadondoka chini, hewa inatokea juu. Makopo ya bei nafuu yanakusanya tu, unamwaga mwenyewe kila baada ya muda. Langu lilikuwa la kistaarabu: linarudisha oili tumboni kwa mdomo wa chini, na limepitishiwa maji ya moto ya rejeta ili unyevu usichanganyike na oili ukawa uji mweupe kama mtindi. Nililinunua limetumika. Limefika Kigoma bila karatasi ya maelekezo. Nikasema karatasi ya nini, mimi si ndiye nawaelekeza watu?

(Tulia wewe unayecheka, bado.)

Kazi niliianza saa kumi jioni, Jumamosi. Mama mkwe alikuwa anakuja na treni ya asubuhi kutoka Tabora, nami nilitaka apande gari lililokamilika. Na niwaambie ukweli, mwanzo nilifanya kazi safi. Nimesubiri injini ipoe kabisa. Nimeitoa intakula: boliti za pembeni, klipu ya upande wa turbo, klipu ya upande wa throto (mlango wa hewa ya injini), boliti mbili za valvu ya kupumulia. Midomo yote miwili nimeiziba kwa vitambaa, na vitambaa nimevihesabu, maana boliti moja ikidumbukia kwenye turbo umeagana nayo. Valvu ya PCV nimeitoa, na tundu lake la kwenye manifodi nimeliziba kwa kizibo na klipu. Ukilisahau hilo, manifodi itafyonza hewa ya wizi na gari litanguruma juu kama lina hasira.

Mipira nimenunua ya nitrili, ya oili, kipenyo milimita 19, mita 2. Usidanganywe na mtu akakuuzia mpira wa maji. Oili inauvimbisha, ukipata joto unalegea, turbo ikivuta unalala bapa kama chapati. Kwenye maji nimekata ule mpira mdogo unaopasha throto nikalipitisha kopo katikati yake, kisha nikaongeza maji na kutoa upepo. Hapo mngenipiga picha ningewashukuru.

Sasa njooni kwenye alama.

Kopo lina midomo mitatu minene. Mmoja wa kupokea kutoka hedi mbili, zimeunganishwa kwa kiungo cha T. Wa juu unakwenda turbo. Wa chini unarudi tumboni. Yote mitatu ina unene uleule. Nikajiambia, fundi mwenye akili anaweka alama kabla hajapotea. Nikachukua plasta nyeupe na kalamu ya mtoto. Mpira wa hedi nikaandika H. Mpira wa turbo nikaandika T.

Mpira wa tumbo nikaandika T.

Rudieni kuisoma, mimi nawasubiri.

Wakati naandika ilikuwa mchana kweupe na kichwani kila T ilikuwa na jina lake. Kufika saa moja na nusu usiku nafunga mipira nikiwa nimeuma simu kwa meno, tochi inamulika kidevu kuliko injini, nazikuta T mbili zinaniangalia. Sikusita hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Mtu akisita anafikiri. Mimi nilikaza klipu nikipiga mluzi. Mpira wa turbo nikauvisha mdomo wa chini, ule wa kurudishia oili. Mpira wa tumbo ukapanda juu.

Kwa kifupi, nilikuwa nimetengeneza mtambo wa kuinywesha turbo oili. Kila tone ambalo kopo lingelitenga kwa juhudi zake, lingeenda moja kwa moja puani mwa turbo.

Na kama hiyo haitoshi, nilibadilisha oili. Injini ile na filta yake inataka lita 4 na kidogo. Dumu nililokuwa nalo ni la lita 5. Nikamimina, nikamimina, nikaona kilichobaki nitakiweka wapi? Nikamalizia. Stiki ya kupimia ikaonyesha oili iko juu ya alama ya juu. Nikasema itashuka. Oili haishuki wakuu, haijasoma barua yangu. Ikizidi inapigwa na kreinki kama mayai ya chapati maji, inakuwa povu, na povu hilo linapandia njia ya kupumulia.

Nikawasha, nikaliacha lingurume dakika kumi. Hakuna kuvuja, hakuna moshi. Litatoka wapi jibu wakati gari limesimama na turbo haijaanza kuvuta? Kopo unalijaribu barabarani, kwenye mlima, halafu unasimama unafungua boneti unatazama. Mimi nilijaribia uani, nikaenda kuoga, nikalala kama injinia.

Asubuhi stesheni ya Kigoma. Mwisho wa reli, watu wanashuka na maisha yao yote kichwani. Mama mkwe kashuka na kikapu, kuku mmoja, mfuko wa mchele na dumu la asali ya Tabora la lita 5. Nimemwamkia kwa heshima zote, shikamoo mama, nimepokea mizigo, nimemfungulia mlango wa nyuma. Mke wangu mbele. Jamaa yangu (yule yule) akaomba lifti, akajibana nyuma pamoja na kuku.

Tunaondoka taratibu. Barabara ya Lumumba inapanda kutoka stesheni kwenda Mwanga, na mama akawa anatazama nje anasema mji umechangamka. Mimi moyo mweupe. Halafu akasema, kwa upole wake ule:

"Gari zuri, baba. Linachoka kidogo mlimani, eh? Mkwe mwenzako wa Nzega ana Noah, inapanda kimyakimya."

Wadau, kuna maneno mwanaume hawezi kuyaacha yapite. Noah? Noah mimi?

Nikarudisha gia. Nikakanyaga.

Turbo ikaitika. Sindano ikapita elfu tatu, viti vikatusukuma mgongoni, mama akasema "Yesu wangu" kwa sauti ya mtu aliyeridhika. Sekunde moja nzima nilikuwa mkwe bora mkoa wa Kigoma. Nikainua macho kwenye kioo cha ndani nimwone anavyofurahi.

Nikamwona mama. Nyuma ya mama sikuona kitu.

Kioo cha nyuma kilikuwa cheupe. Nikadhani ni ukungu, nikawasha waipa ya nyuma. Naomba hilo mlisome polepole kama nilivyolifanya: niliwasha waipa. Ikafuta, ikarudi, weupe upo palepale. Nikatazama kioo cha pembeni: bajaji iliyokuwa inatufuata haipo. Honi yake ipo, yenyewe haipo. Mwembe tulioupita sasa hivi haupo. Lumumba yote haipo. Ndipo harufu ikaingia, ile ya oili iliyoungua, inayokaa nyuma ya ulimi. Na gari likaanza kukohoa. Plagi zimelowa, silinda moja imegoma, nyingine inafikiria. Tukawa tunapanda kwa kuruka kama chura, kuku naye analia kwa mpigo uleule.

Nikasogea pembeni, nikazima. Kosa langu la pili asubuhi hiyo ni mahali niliposimama: kando ya mama aliyepanga migebuka yake mibichi kwenye sinia. Upepo wa ziwani ukauchukua ule moshi wote na kuulaza juu ya samaki. Ulipopungua, yule mama alikuwa ameshika kiuno.

"Baba, mimi nauza wabichi. Wa moshi nani kakutuma?"

Kabla sijajibu, vijana wa kuosha magari wakavuka barabara mbio na ndoo. Maji ya sabuni. "Gari linaungua! Boneti! Mwaga hapo kwenye tundu!" Tundu lenyewe ni lile la juu ya boneti, linalopeleka upepo kwenye intakula. Jirani yake kabisa ni turbo, imetoka kupanda mlima, chuma kimeiva. Maji ya baridi pale ni kutafuta ufa. Nikawapigia kelele wasimwage. Wakasikia "mwage".

Nikaruka. Sijui nilitumia miguu ipi. Nikalala juu ya boneti kifudifudi, nimelikumbatia lile tundu kwa mikono miwili kama mtu anayemzuia mpenzi wake asipande meli, na ndoo ya kwanza ikanipata mgongoni. Ya pili kisogoni. Boneti ya moto kifuani, sabuni machoni, nami napiga kelele: "Si moto! Ni oili! Si moto! Ni oili!" Hiyo ndiyo video. Zile sekunde 27 ndizo hizo. Mtu aliyekuwa anarekodi anasikika akicheka, na kucheka kwake nakufahamu tangu darasa la tatu.

Nilipofungua boneti, maji yananitiririka, kitu cha kwanza kukiona ni plasta mbili nyeupe. T. Na T. Mke wangu akachungulia, akasoma, akauliza, "Ya pili ni T ya nini?" Nikasema ya Tabora. Hakucheka.

Yaliyobaki ni mafupi. Mama na kuku na mizigo wakapanda bajaji. Migebuka nilinunua sinia zima, tumekula siku nne. Gari likavutwa hadi uani. Nimetoa oili iliyozidi. Nimefungua intakula nikaiinamisha, ikatoa karibu kikombe cha chai. Nimeisuuza kwa petroli na kuiacha juani ikauke kabisa. Plagi nne nje, na mnaojua injini ya kulala, silinda zake zimelala ubavu, mnajua plagi zake ziko wapi, ngozi ya vidole imebaki huko. Nimezungusha injini bila plagi ili kilichobaki ndani kitoke. Mipira miwili nimeibadilisha nafasi, kazi ya dakika sita. Bomba la moshi limeendelea kufuka siku tatu kwa oili iliyokuwa imelala humo, kisha limetulia. Jana nimepanda Lumumba mara mbili kwa kukanyaga, nikasimama, nikatazama: bomba la turbo kavu.

Mama mkwe hajasema neno lolote la kunikwaza. Anaishi hapa kwa amani, ananiita baba, ananipakulia minofu. Ila leo asubuhi nimeingia jikoni nikakuta dumu la asali limefungwa plasta nyeupe, kalamu ileile ya mtoto, mwandiko wa mtu mzima aliyetulia. Hakuandika A. Ameandika: ASALI YA CHAI, SI YA GARI.