"Disinterested" si mtu asiyejali

Nimesoma mkataba uliotafsiriwa kwa Kiswahili, na kifungu kimoja kinanikera mpaka sasa. Matini ya Kiingereza ilitaka mgogoro ukitokea upelekwe kwa msuluhishi "disinterested". Mfasiri akaandika: msuluhishi asiyevutiwa na shauri. Watu wamegombana, mali yao iko hatarini, halafu mkataba unawaagiza watafute mtu asiyejali wanachosema!

Katika sheria neno hilo humhusu asiye na maslahi: uamuzi ukienda huku au kule, yeye hapati wala hapotezi. Anaweza kulifuatilia shauri kwa shauku, akakesha na majalada. Anayepiga miayo ni "uninterested".

Mwaka 1852, katika kesi ya Dimes dhidi ya kampuni ya mfereji ya Grand Junction, House of Lords, iliyokuwa wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, ilitengua uamuzi wa jaji Lord Cottenham. Alikuwa ameipa kampuni ushindi, kumbe ana hisa zake. Na waliomtengua walisema wazi kwamba hakuna anayeweza kudhani hisa zile zilimshawishi. Hapo ndipo uzito wa neno hili ulipo. Halipimi moyo wa mtu, linapima mahali aliposimama. Ndiyo maana hata "impartial" halitoshi kushika nafasi yake: kutopendelea ni tabia, na mwenye hisa naye anaweza kujitahidi asipendelee. Sheria ya wasia ya Uingereza ya mwaka 1837 inafuata njia hiyohiyo. Shahidi akitia saini wasia unaompa chochote, wasia unabaki halali lakini fungu lake linabatilika, awe mwaminifu kiasi gani.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba maana ya "asiyejali" ni ya kale. Mshairi Mwingereza John Donne aliitumia mwanzoni mwa karne ya 17, na kamusi za leo zinaiorodhesha. Katika maongezi sitamsahihisha mtu. Mkataba ni jambo lingine.

"Asiye na maslahi katika shauri" yangetosha kabisa, na kila msomaji angeelewa. Kwa maneno hayo, upande ulioonewa ungekuwa na pa kushika siku ukigundua kwamba msuluhishi ana hisa kwa mpinzani wao. Kwa kifungu kilivyo sasa, msuluhishi huyo anaweza kujitetea kwamba shauri lao halikumvutia hata kidogo, na atakuwa ametimiza sharti.