Uso wa Marilyn: Rangi Hutangulia, Picha Hufuata

Programu za simu zinazodai kuigeuza picha yako iwe ya mtindo wa Warhol hukosea mahali pamoja: hupaka rangi juu ya picha. Andy Warhol, msanii wa Marekani, alifanya kinyume. Mwigizaji Marilyn Monroe alipofariki Agosti 1962, Warhol alichukua picha yake ya matangazo ya filamu ya Niagara, akaikata akabakiza kichwa na shingo, ikakuzwa na kuhamishiwa kwenye skrini, yaani fremu yenye wavu wa kupitishia wino. Kwenye turubai, rangi ndizo zilizoanza, kwa mkono: njano ya nywele, waridi ya uso, buluu juu ya macho, nyekundu ya midomo. Hatua hiyo peke yake ni mabaka tu, hayana pua wala mboni. Wino mweusi ulisukumwa mwishoni kupitia wavu, nao ndio ulioleta sura.

Kwangu mimi, uhai wote wa kazi hii uko hapo ambapo tabaka hizo mbili hazikulingana. Nyekundu imevuka ukingo wa mdomo, buluu imepanda kuelekea kwenye nyusi, na jicho lako haliachi kuhangaika kati ya mwanamke na vipodozi vyake. Programu hunyoosha yote hayo, na uso unabaki bapa.

Itazame Marilyn Diptych ya 1962, kazi ya paneli mbili iliyo kwenye jumba la sanaa la Tate, London. Nyuso 50: 25 za rangi kushoto, 25 nyeusi kulia. Upande wa kulia kuna safu iliyolowa wino hadi uso unazama, na kuelekea ukingoni nyuso zinafifia mpaka karibu zipotee. Wino ukizidi, hupenya na kutapakaa chini ya wavu. Ukipungua au ukikaukia kwenye matundu, picha hukatika. Fundi wa kuchapa fulana angezitupa nakala hizo. Warhol aliziacha, na alifanya vyema kabisa.

Ukitaka kujaribu, chagua picha yenye vivuli vikali. Igeuze kuwa nukta ndogo na kubwa zinazounda vivuli, mistari 45 ya nukta kwa inchi, na utumie wavu wa nyuzi 77 kwa sentimita. Ule wa nyuzi 43 uliozoeleka kwenye fulana utapoteza nukta ndogo za mashavuni. Paka wavu emalsheni (dawa inayogandishwa na mwanga) nyembamba pande zote mbili, ikauke gizani. Weka juu yake picha ya nukta iliyochapwa kwenye plastiki angavu, kisha imulike kwa taa. Ukiimulika muda mfupi mno, itabanduka unapoosha. Ukizidisha, nukta ndogo hazitafunguka. Jaribu kwanza muda tofauti kwenye kipande kimoja, kwa sababu kila taa ina nguvu yake.

Chora mipaka ya uso kwenye turubai kwa karatasi ya kaboni, paka rangi, acha zikauke kabisa. Inua skrini milimita 3 juu ya turubai, kisha vuta raba ya kusukumia wino mara moja, kwa mkandamizo ule ule toka juu hadi chini. Ukirudia mvuto wakati turubai imesogea hata kidogo, utapata kope mbilimbili. Wino wa akriliki hukauka upesi, kwa hiyo changanya dawa ya kuuchelewesha, na ufunike wavu kwa wino kila baada ya mvuto.

Mwaka 1967 Warhol alitoa seti ya nakala 10 za karatasi, kila moja sentimita 91 kwa 91, zikachapwa seti 250. Humo hata rangi zilipitishwa kwenye skrini. Zinapendeza ukutani, lakini kwa anayejifunza, turubai za 1962 zinafundisha zaidi, maana mkono wa mpakaji bado unaonekana chini ya wino.