Utafiti wa saikolojia usiolipiwa si wa daraja la pili

Wanafunzi wa saikolojia hupewa onyo mapema: ukitafuta tafiti, anzia PsycInfo, hifadhidata ya kulipia ya Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani (APA), za bure ziendee pale tu utakapokwama. Onyo hilo lina sababu za maana na nitazieleza bila kuzipunguza. Hata hivyo limezaa dhana kwamba kisicholipiwa hakijachujwa, na kwamba anayetafuta ushahidi ndani ya PubMed Central (hifadhi ya bure ya makala kamili za tiba na afya), DOAJ (orodha ya majarida yanayosomeka bure) au PsyArXiv (hifadhi ya bure ya maandiko ya saikolojia) ameridhika na masalia. Dhana hiyo inawaumiza watu wengi wanaoutegemea utafiti huu kazini, tena inatuondoa macho mahali ambapo saikolojia imekosea zaidi.

Nianze na haki ya upande wa pili. APA ilianza kuchapisha ikisiri za tafiti mwaka 1927, na nguvu kubwa ya PsycInfo ni kazi ya waainishaji. Andiko linaloingia hupewa istilahi kutoka kwenye orodha maalumu iliyotungwa kwa ajili ya saikolojia na kutumika tangu mwaka 1974. Kazi hiyo haionekani, lakini bila hiyo mtafutaji hupotea. Mtafiti mmoja huandika kuhusu upweke, wa pili kuhusu kutengwa, wa tatu kuhusu uhaba wa mahusiano ya karibu. Huenda wote wamepima jambo lile lile, na anayetafuta kwa neno moja huwakosa wawili. Mwainishaji anayeijua fani huwakusanya mahali pamoja. Google Scholar, injini ya bure ya kutafutia maandiko ya kitaaluma, haina kazi ya namna hiyo. Hupanga matokeo kwa kanuni isiyotangazwa yote, na haikuonyeshi zaidi ya matokeo 1,000 hata ikidai imepata laki moja. PsycInfo ina pia sura za vitabu na tasnifu, na inarudi nyuma hadi karne ya 19. Anayeandika mapitio ya kimfumo, yaani yale yanayodai kukusanya kila utafiti uliofanyika juu ya swali fulani la saikolojia, hawezi kuiruka na bado akaaminika.

Wangeishia hapo, watetezi wa huduma za kulipia wangekuwa na hoja imara. Shida huanza wanapoichukua kasoro ya Google Scholar na kuibandika kwenye kila kitu cha bure. Mwaka 2020 watafiti Gusenbauer na Haddaway walichapisha tathmini ya mifumo 28 ya kutafutia maandiko ya kitaaluma, wakiuliza ni ipi inafaa kuwa chombo kikuu cha mapitio ya kimfumo. Nusu yake, 14, ilifaa. Google Scholar haikufaa. PubMed, ya maandiko ya tiba, na BASE, ya fani zote, zilifaa, na zote mbili hazimtozi mtafutaji chochote. Kwa hiyo malipo hayatuambii chombo kipi kinatafuta vizuri na kipi vibaya. Tunapaswa kukipima kila kimoja kwa kazi yake.

Hoja inayosikika zaidi ni ya uhakiki. PsyArXiv, iliyoanzishwa mwaka 2016, hupokea maandiko kabla wataalamu wengine hawajayahakiki. Ni kweli, na hatari yake si ndogo: andiko dhaifu linaweza kuchukuliwa na chombo cha habari leo na kuaminiwa na maelfu kesho, bila mtaalamu hata mmoja kulipitia. Anayelitumia lazima ajue ameshika nini. Lakini hoja hii hubeba dai la pili kimyakimya, kwamba kilichopita kwenye uhakiki wa jarida kiko salama. Hapo ndipo ninapokataa, na sababu yangu kubwa ni namba mbili: 96 na 44.

Mwaka 2021 Scheel, Schijen na Lakens walilinganisha makala 152 za kawaida za saikolojia na makala 71 za aina iitwayo ripoti zilizosajiliwa. Katika ripoti hizo, jarida huamua kuipokea kazi kwa kutazama swali na mbinu, kabla matokeo hayajajulikana. Yakija yoyote, makala itatoka. Watafiti hao wakaiangalia dhahania ya kwanza iliyopimwa katika kila makala: ilithibitishwa au la? Katika makala za kawaida, asilimia 96 zilithibitisha. Katika ripoti zilizosajiliwa, asilimia 44.

Tuitazame hiyo 96 kwa utulivu. Tabia ya binadamu ni ngumu kupimwa, sampuli nyingi ni ndogo, vipimo vina makosa yake. Hata aliyekisia jambo la kweli atapata matokeo hafifu mara kadhaa, kwa bahati tu. Fani inayopatia karibu kila mara katika mazingira hayo haipo. Inawezekana waliosajili tafiti zao walichagua maswali yenye mashaka zaidi. Wengi walikuwa wakirudia tafiti za zamani ambazo huenda walizishuku, na tahadhari hiyo ni ya haki. Lakini pengo la alama 52 ni kubwa mno kubebwa na sababu hiyo peke yake. Sehemu yake, na sioni namna ya kulikwepa hili, inatokana na jambo ambalo mwanasaikolojia Robert Rosenthal aliliandikia mwaka 1979: tafiti zisizopata kitu hubaki kwenye droo. Hazitumwi majaridani, au hutumwa zikarudishwa, au data hugeuzwageuzwa mpaka iseme ndiyo.

Sasa mfikirie mtafutaji. Hifadhidata yenye istilahi kamili na waainishaji hodari itamletea kwa uaminifu kile kilichochapishwa. Ikiwa kilichochapishwa kimepindishwa tangu mlangoni, utafutaji wake makini unamwongezea kujiamini bila kumsogeza karibu na ukweli. Tasnifu zilizomo PsycInfo humsaidia kiasi, kwa kuwa mwanafunzi hulazimika kuripoti hata alichokikosa. Lakini ili kujua mtafiti alipanga kupima nini na baadaye akatangaza nini, lazima aende kwenye rejista zilizo wazi: OSF, ambako mipango ya tafiti husajiliwa kabla, au ClinicalTrials.gov kwa majaribio ya tiba. Na ili kuyaona matokeo ambayo majarida hayakuyataka, PsyArXiv ni mahali pa kwanza pa kutazama.

Gharama ya upotovu huo tumeshaiona kwa wagonjwa. Turner na wenzake, mwaka 2008, walichukua tafiti 74 za dawa za sonona zilizosajiliwa kwa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, wakazilinganisha na zilizotoka majaridani. Msomaji wa majarida alionyeshwa kwamba asilimia 94 ya tafiti hizo zilifanikiwa. Kwa hesabu za FDA zilikuwa asilimia 51. Daktari aliyesoma kila makala iliyochapishwa, bila kuiacha hata moja, angekuwa amekosea kwa bidii yake yote. Kilichomsahihisha ni kumbukumbu za serikali ambazo wananchi wana haki ya kuziona.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya dawa. Basi watazame mradi mkubwa wa kurudia tafiti 100 za saikolojia, uliotangazwa mwaka 2015. Zote zilitoka katika majarida matatu yenye heshima. Asilimia 97 ya tafiti za awali zilidai matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizoyapata tena. Kutorudika hakumaanishi kila mara kwamba utafiti wa kwanza ulikuwa wa uongo, na data ya mradi huo iko wazi OSF kwa yeyote anayetaka kuubishia. Ninachosema ni kwamba muhuri wa uhakiki ulikuwepo kwenye zote 100.

Kuna jambo jingine ambalo wenye akaunti za chuo husahau. Mwanafunzi wa unasihi husomea miaka kadhaa akiwa na ruhusa ya kuingia kwenye hifadhidata za kulipia. Akihitimu, mara nyingi ruhusa hiyo hukatwa, na hapo ndipo anaanza kukutana na watu wenye maumivu halisi. Kuanzia siku hiyo anasoma ikisiri. Nayo ikisiri humwambia kwamba tiba fulani ilipunguza hofu. Mara nyingi haimwambii washiriki wangapi waliacha katikati, wala kundi la kulinganisha lilipewa huduma gani, au liliachwa tu kwenye foleni likisubiri. Tiba iliyolishinda kundi la waliosubiri haijashinda sana. Tiba iliyokimbiwa na theluthi ya washiriki inaweza kuwa nzuri kwa waliobaki na mbaya kwa mteja aliyekaa mbele ya mnasihi sasa. Mambo hayo yamo ndani ya makala kamili, kwenye sehemu ya mbinu na majedwali. Kwa mnasihi huyo, PubMed Central, iliyofunguliwa mwaka 2000, au Unpaywall inayomwonyesha nakala halali iliyowekwa wazi, ndiyo tofauti kati ya kusoma ushahidi na kusoma tangazo lake. Ndiyo maana naona uzito mkubwa katika uamuzi wa NIH, taasisi za afya za Marekani, kwamba kuanzia Julai 1, 2025 makala zinazotokana na fedha zao ziwekwe wazi mara zinapochapishwa, bila kusubiri ile miezi 12 ya zamani.

Lawama nyingine nazipitia kwa ufupi. Majarida ya kitapeli yapo, na yanajivika jina la uchapishaji huria, yaani wa kusomwa bure. DOAJ ilipokaza masharti yake, mwaka 2016 iliondoa majarida takriban 3,300 kwa mkupuo kwa sababu hayakuomba upya chini ya masharti hayo, kwa hiyo mlango una mlinzi. Huduma za bure hufa au hupunguziwa fedha: Microsoft Academic, injini ya kutafutia maandiko, ilifungwa mwishoni mwa 2021, na ERIC, hifadhidata ya tafiti za elimu ya Wizara ya Elimu ya Marekani, ilipunguziwa bajeti mwaka 2025. Hilo ni tishio la kweli, ingawa data ya Microsoft, kwa kuwa ilikuwa wazi, iliokotwa mara moja na OpenAlex, orodha nyingine ya bure ya maandiko. Ada za kuchapisha zinazotozwa waandishi ndizo zinazonisumbua zaidi, maana zinahamisha ukuta kutoka kwa msomaji kwenda kwa mtafiti asiye na ruzuku. Njia ya kuweka nakala ya mwandishi kwenye hifadhi ya bure ipo, lakini wengi hawaitumii.

Mtu akipima pia upana wa saikolojia, hifadhidata huria hazipaswi kudharauliwa. Mwanasaikolojia Arnett alionyesha mwaka 2008 kwamba katika majarida sita ya APA ya miaka 2003 hadi 2007, asilimia 96 ya sampuli zilitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, na 68 Marekani peke yake. SciELO, Redalyc na AJOL zinakusanya majarida ya Amerika ya Kusini na Afrika, mengi yake yakisomeka bure. Anayeziacha anaacha sehemu kubwa ya binadamu anaodai kuwasoma.

Inabaki ile nguvu ya PsycInfo niliyoanza nayo, kazi ya waainishaji. Fedha za umma zimeweza kuilipia pia: PubMed inatumia istilahi za MeSH, orodha maalumu ya istilahi za tiba, na mwaka 2013 taasisi ya ZPID ya Trier, Ujerumani, ilifungua PubPsych, hifadhidata ya bure na ya saikolojia moja kwa moja. Lakini tangu mwaka 2022 istilahi za MeSH hupachikwa na programu, huku watu wakikagua sehemu tu. Programu husoma ikisiri na kukisia. Katika fani ambayo watu watatu huliita jambo moja kwa majina matatu, hapo ndipo mtetezi wa huduma za kulipia anapoweza bado kunishinda, akituonyesha kwa vipimo kwamba mwainishaji binadamu anakamata tafiti ambazo programu inaziacha. Mjadala ukiwekwa hapo, niko tayari kuufuata hadi mwisho.