Jamani sikula majani, nilitafuna mchaichai

Haya, wale mlioiona ile video kwenye status ya jamaa yangu (anajijua, na wiki hii ugali wangu asahau), naombeni na mimi nisikilizwe maana video imeanzia katikati. Yale machozi mpaka kidevuni sio kilio. Na sikuwa nacheua kama mbuzi. Yani nilikuwa natafuna ndio, ila ngojeni.

Jumamosi, hapa Pune, India, tunakosoma. Wabongo sita na classmate wetu mmoja wa hapa hapa, Mmarathi, hagusi nyama, mpole mpaka anakera. Biriani tumeichoka, dosa tumeichoka, nikasema twendeni Koregaon Park tukale Thai, Thai naijua mimi. Naijua kwa kuangalia reels usiku, ila hakuna aliyeuliza. Halafu kulikuwa na binti mgeni, ana wiki mbili tu India, simtaji, ndo maana nilikuwa naongea kwa sauti vile. Tukapanda riksha mbili, yani bajaji, na hao Bajaj wenyewe makao makuu yao yako humu humu Pune kwa hiyo tunazipandia kwao kabisa.

Waiter akauliza pilipili kiasi gani. Nikamjibu mimi mtoto wa Tanga, leta kama wanavyokula Wathai wenyewe. Tanga imeingiaje hapo, hata mimi najiuliza.

Ikaja tom yum, ile supu yao Wathai. Hapa naomba niende polepole.

Kijiko cha kwanza kitamu, uchachu wa ndimu, kamba wanono. Kijiko cha pili kikaibuka na kijiti, cheupe kwa kijani, kimekatwa mshazari, urefu kama kidole cha mwisho, pembeni kuna kipande kama tangawizi iliyonenepa na jani gumu linalong'aa. Nikawaza nikivitoa nitaonekana mshamba. Nikatia vyote mdomoni. Natafuna, hakikatiki. Nahamishia magego, hakikatiki, kinafumuka tu nyuzi nyuzi, na mimi mkonge naujua jamani, nimekulia kwenye mkonge, hiki kilikuwa mkonge. Binti akageuka, "Kaka, hivi vinaliwaje?" Shavu limevimba kama nimebeba embe, nikamwambia kwa kujiamini, "Unatafuna kama muwa, unafyonza, makapi unatema pembeni."

Wakatafuna. Wote! Watu wanasoma masters! Meza nzima ikawa kachu kachu kachu, mmoja akasema "kweli kana utamu kwa mbali" (utamu gani mwongo wewe), na makapi yakaanza kupangwa kwenye sahani nyeupe kama tuko chini ya mwembe tunauza miwa. Waiter akaja, akaangalia sahani, akatuangalia sisi, akaondoka, akarudi na bakuli tupu akaliweka katikati ya meza bila kusema neno. Lile bakuli ndo limenikosesha usingizi. Mmarathi wa watu akasubiri waiter aondoke akasema taratibu, "Hivyo haviliwi, ni vya harufu tu. Nilidhani kwenu mnakula."

Nikatoa kile kijiti nikakitazama vizuri. MCHAICHAI. Ule ule wa uani kwa mama, nyuma ya jiko, unaotiwa kwenye chai, ambao tangu nina miaka minne nautoa kwenye kikombe naweka kwenye kisosi!

Sasa katika kushtuka nikauma na kingine kilichokuwa kimejificha kwenye ufizi. Kale kadogo. Mnakajua. Pilipili kichaa, nzima, na mbegu zake. Masikio yakaziba, pua ikafunguka, nikaona waiter wawili. Sasa kwa wasiojua, Kimarathi dada maana yake kaka, huku waiter, dereva wa riksha, wote unawaita dada na nimeshazoea. Nikapaza, "Dada! Dada! Maji!" Waiter hakusikia. Binti akaitika "Abee!" akainuka mbio na jagi, mgahawa mzima unatazama mtoto wa kike wa wiki mbili akininywesha maji kama ndama, na maji yenyewe yalikuwa yanautembeza moto tu mpaka kwenye koo. HAPO ndo jamaa akawasha simu. Sasa mmeelewa?

Mengine hayana maana. Bili ikaja na GST yake 5%, yani kodi ya huku, tukachanga, Mmarathi akaniagizia maziwa, nikarudi, nikalala chali. Binti kanisevu "Kaka Muwa" na sidhani kama itabadilika.

Nilifikiri yameishia Pune. Asubuhi naamka nakuta voice note ya mama (nani kamtumia video, nitamjua tu), anacheka dakika nzima, halafu anasema, "Mwanangu, kama ulikuwa unautaka wa kutafuna si ungesema, shangazi yako anakuja huko matibabu mwezi ujao nimfungie."