Upara: kidonge, chupa, au vyote viwili?

Shemeji yangu ni mwalimu wa sekondari, ana miaka 31, na mwaka jana alimwoa mdogo wangu. Jumapili moja alikuja nyumbani Mwanga, hapa Kigoma, na mfuko mweusi, akaumwaga mezani: chupa mbili za minoksidili ya kupaka, pakiti ya vidonge vya finasteridi, shampuu ya ketokonazoli, kirola chenye visindano, na chupa ya maji iliyojazwa mafuta ya mise (kokwa za mchikichi) aliyopewa na mama yake Ujiji. Akavua kofia. Pembe za paji zimepanda, na utosini ngozi inaonekana kwa upana wa kisahani cha kahawa.

"Shemeji, wewe ndiye unauza dawa. Nianze na vyote kwa mpigo, au nitaharibu?"

Swali hilo naulizwa sana pale kaunta, na kwa kawaida muulizaji ananong'ona kana kwamba amekuja kununua kondomu. Watu wana majibu mawili tayari. Wa kwanza wanasema upara haungoji mtu, mpige kwa kila silaha. Wa pili wanasema dawa mbili ni madhara mawili, anza na moja uone. Pande zote mbili zina hoja, ila nadhani kila upande umesimamia hoja yake dhaifu na kuiacha ile yenye nguvu.

Upara huu wa kiume unatokana na urithi pamoja na homoni iitwayo DHT, ambayo mwili huitengeneza kutoka kwenye testosteroni kwa msaada wa kimeng'enya fulani. Aliyerithi udhaifu huo, mashina yake ya nywele husinyaa kidogo kidogo: unywele mnene unakuwa mwembamba, mwembamba unakuwa malaika, na mwisho hauonekani. Finasteridi huzuia kimeng'enya hicho. Fununu ya kwanza ilitoka Jamhuri ya Dominika, ambako miaka ya 1970 walichunguzwa watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho. Walipokua wanaume, tezi dume zao zilibaki ndogo na vichwa vyao havikuota upara. Marekani iliidhinisha kidonge cha miligramu 5 kwa ajili ya tezi dume mwaka 1992, na cha miligramu 1 kwa ajili ya nywele mwaka 1997.

Minoksidili ilikuja kwa njia nyingine kabisa. Ilikuwa dawa ya presha, ya kumeza, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1979. Wagonjwa wakaanza kuota nywele mahali wasipozitarajia, na mwaka 1988 ikaidhinishwa kama dawa ya kupaka kichwani. Yenyewe haiigusi DHT hata kidogo. Kazi yake ni kulisukuma shina lililolala liingie tena kwenye hatua ya kukua, na kulikawiza humo. Ndiyo hiyo hiyo vijana wa hapa mjini wanapaka mashavuni kutafuta ndevu.

Kwa hiyo kuchanganya si ujinga. Kidonge kinaziba tundu la mtumbwi, chupa inakumba maji yaliyokwisha kuingia. Majaribio nayo yanasema hivyo. Katika utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2015, wanaume wapatao 450 walifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Waliopaka minoksidili peke yake, asilimia 59 walionekana kupata nafuu. Waliomeza finasteridi peke yake, asilimia 80.5. Waliotumia zote mbili, asilimia 94.1.

Wauzaji wa mitandaoni huishia kwenye hiyo 94. Lakini ukizitazama namba tena, unaona kuwa mchanganyiko haumfaidishi kila mtu sawasawa. Anayepaka chupa tu, akiongeza kidonge, kwenye kila wanaume 100 wananufaika kama 35 zaidi. Anayemeza kidonge tayari, akiongeza chupa, wanaongezeka kama 14. Kidonge ndicho kinachobeba mzigo, chupa inasaidia kusukuma. Na "nafuu" hapo maana yake ni kwamba ukiweka picha mbili pamoja, ya pili ina nywele zaidi. Si kwamba kichwa kimerudi cha miaka 18.

Hata hiyo nafuu, kwa mtu wa hapa, inategemea anavyonyoa. Ukikaa kwa kinyozi kila wiki mbili na kusema "pitisha namba moja", nywele za milimita tatu hazifuniki chochote. Utakuwa unalipia unene ambao mashine inauondoa kila nusu ya mwezi. Nimewahi kumuuliza mteja swali hilo moja tu, unanyoa namba ngapi, akacheka na kurudisha hela mfukoni.

Sasa hoja ya upande wa pili, kwamba ukichanganya na ukapata madhara hutajua yametoka wapi. Naisikia hata kwa wahudumu wenzangu, na naiona dhaifu. Madhara ya dawa hizi mbili hayafanani. Kichwa kikiwasha na kutoa magamba, au moyo ukienda mbio na kizunguzungu kikikushika, anza kuishuku chupa. Hamu ya tendo la ndoa ikipungua, au manii yakipungua, shuku kidonge. Nywele kupukutika zaidi kwenye wiki za mwanzo ni kawaida ya chupa, kwa sababu nywele kongwe zinasukumwa zitoke ili mpya zipite. Hapo ndipo wengi huitupa, wiki ya tano, wakiamini imewamaliza.

Madhara, basi, yanajitenga yenyewe. Isiyojitenga ni faida. Ukianza vyote siku moja, na baada ya mwaka kichwa kikawa kizuri, hutajua kipi kilifanya kazi. Huenda ni kidonge peke yake, na chupa umekuwa ukiimimina bure. Utajuaje? Kwa kuacha kimoja. Na ukiacha chupa, nywele zilizokuwa zikiitegemea huanguka ndani ya miezi michache. Nani atathubutu? Kwa hiyo unaendelea kulipia vyote viwili, mwaka wa pili, wa tano, wa kumi. Hii ndiyo hoja ya kweli dhidi ya kuanza kwa mpigo, na ni ya mfuko kabla ya kuwa ya afya.

Tuipigie hesabu ya Kigoma. Minoksidili ya maji hupakwa mililita 1 asubuhi na mililita 1 jioni. Chupa ya mililita 60 inaisha siku ya 30, na mwaka ni chupa 12. Mzigo wetu unatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na kila mfanyabiashara wa hapa anajua wiki ambazo bidhaa ya watu wachache haipo kabisa. Dawa isiyotakiwa kukatizwa inakuwa mtihani mahali ambapo stoku inakatika. Kidonge ni tofauti. Cha miligramu 5 kipo kwenye famasi kwa ajili ya wazee wa tezi dume, na madaktari wengine huwaruhusu wanaume wenye upara wakikate vipande vinne. Pakiti ya vidonge 30 inakuwa siku 120. Kwa bei na kwa upatikanaji, kidonge kinaishinda chupa.

Wanaotaka kuanza na vyote wana jibu lao zuri: ukijaribu kimoja kimoja, kila kimoja kinahitaji miezi sita hadi mwaka kabla hujakihukumu. Miaka miwili inapita, na shina lililokwisha kusinyaa kabisa haliamki. Ni kweli. Lakini muda wa kungoja ukiwa unameza kidonge haupotei. Katika majaribio yaliyofanya kidonge hicho kiidhinishwe, baada ya miaka miwili asilimia 83 ya waliokimeza hawakuwa na nywele pungufu utosini kuliko walipoanza, ukilinganisha na asilimia 28 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kwa hiyo kwa mwanaume wa kawaida ningesema: daktari akiridhia, anza na kidonge, subiri mwaka, kisha uamue kama hao 14 wa chupa wanastahili hela yako.

Tatizo ni kwamba shemeji yangu si mwanaume wa kawaida kwa maana hiyo. Ana ndoa ya mwaka mmoja na wanatafuta mtoto.

Hapa mazungumzo yalikuwa mazito, maana mke mwenyewe ni mdogo wangu na tulikuwa tunaongea tukiangalia sakafu. Namba za majaribio si za kutisha: hamu ilipungua kwa asilimia 1.8 ya waliomeza finasteridi, dhidi ya 1.3 ya waliomeza kidonge kitupu. Uume kushindwa kusimama, 1.3 dhidi ya 0.7. Lakini zimepokelewa pia taarifa za wanaume ambao matatizo hayo yaliendelea baada ya kuacha, na za wengine ambao mbegu zao zilidhoofika na kurudi walipoacha. Mwezi Mei 2025 kamati ya usalama wa dawa ya Umoja wa Ulaya ilithibitisha kuwa mawazo ya kujiua ni miongoni mwa athari za vidonge vya finasteridi. Mwenye historia ya sonona asikianze bila kumweleza daktari.

Kuna na mambo madogo yasiyoandikwa kwenye matangazo. Vumbi la kidonge kilichokatwa halipaswi kuguswa na mwanamke mjamzito, kwani linaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Kisu cha jikoni na kibao cha kukatia vitunguu si mahali pake. Anayemeza finasteridi hushauriwa asichangie damu hadi mwezi mmoja upite tangu aache, kwa sababu hiyo hiyo: damu yake huenda ikapewa mjamzito. Na sisi tunajua mke akienda kujifungua, ndugu wa kwanza kuulizwa kuhusu damu ni nani. Kwa mwanaume wa miaka 50 na kuendelea, kidonge hupunguza kwa karibu nusu namba ya PSA, kipimo cha damu cha kuchunguza tezi dume. Asipomwambia daktari, tezi yenye ugonjwa inaweza kusomeka kama nzima.

Vilivyobaki mezani tulivipitia haraka. Shampuu ya ketokonazoli ni nzuri kwa mba na haina ubaya, atumie. Mafuta ya mise yanalainisha nywele zilizopo, hayaoteshi zilizokwenda. Kirola kilinisimamisha zaidi. Lipo jaribio la India la mwaka 2013, wanaume 100, ambapo kuchoma ngozi kwa visindano kila wiki pamoja na minoksidili kuliongeza nywele mara nyingi zaidi kuliko minoksidili tupu kwa wiki 12. Lakini pale kulikuwa na wataalamu na vifaa safi, na siku ya kuchoma dawa haikupakwa. Huku nimeona kirola kimoja kwenye saluni kikizunguka vichwa vya wateja, kinapanguswa kwa spiriti juu juu. Visindano vinatoa damu. Virusi vya homa ya ini na UKIMWI havijali kwamba wewe ulifuata nywele. Na sisi wengi ngozi zetu huota keloidi, makovu yanayovimba na kukua. Sikioni kirola kikistahili hatari hiyo.

Nilimkagua pia kisogoni, kama hana vile vipele vigumu vya mashine vinavyoacha makovu yasiyoota nywele, na kama hana mabaka ya duara ya mapunye. Hao ni wagonjwa wa tiba nyingine kabisa, na ukiwapaka minoksidili unawachelewesha tu. Hakuwa navyo.

Nikamkumbusha na njia ya tatu, ya bure. Kunyoa zote. Ujiji kuna wazee wamevaa barakashia miaka 40 na hakuna aliyewahi kuwauliza kilicho chini yake. Akanitazama kama nimemtukana.

Tukakubaliana hivi. Chupa peke yake, kuanzia sasa, mwaka mzima, akijua kwamba ndiyo dhaifu kati ya mbili na kwamba wiki za mwanzo zitamtisha. Anawe mikono, na asilalie mto kabla haijakauka, maana wana paka na minoksidili ni sumu kali kwa paka. Kidonge kingoje mtoto apatikane, kisha aende kwa daktari akiwa bado anakitaka. Hapo atakiongeza juu ya kitu ambacho tayari anajua kimemfanyia nini.

Tukatoka nje, nikampiga picha ya utosi chini ya mwembe, saa nne asubuhi, nywele zikiwa na urefu wa wiki tatu. Picha ya pili tutaipiga pale pale, saa ile ile, urefu ule ule, miezi sita ijayo. Pakiti ya vidonge aliniachia. Kirola nilikifunga kwenye kopo nikakipeleka kazini, kwenye boksi la sindano. Mafuta ya mise aliondoka nayo, kwa sababu mama yake atauliza.