Glavu ya Miguel Cabrera, msimu wa 2012

Machi 2012, katika mechi ya maandalizi ya besiboli dhidi ya Philadelphia, Hunter Pence alipiga mpira wa chini kuelekea beisi ya tatu. Ukadunda vibaya dakika ya mwisho, ukamgonga Miguel Cabrera chini ya jicho la kulia. Alishonwa nyuzi, na vipimo vikaonyesha ufa mdogo kwenye mfupa unaozunguka jicho. Msimu ulipofunguliwa mwezi uliofuata, alikuwa amesimama pale pale kwenye beisi ya tatu.

Naanzia hapo kwa sababu kila mjadala wa tuzo ya Mchezaji Mwenye Thamani Zaidi wa American League, moja ya ligi mbili kuu za besiboli Marekani, ya mwaka ule huishia kwenye glavu ya Cabrera, yaani ulinzi wake, na glavu hiyo hutajwa kama aibu. Cabrera wa Detroit Tigers alipata kura 22 za nafasi ya kwanza kati ya 28. Mike Trout wa Los Angeles Angels akapata 6. Tangu siku hiyo kuna kundi kubwa la wapenzi wa besiboli, wengi wao watu makini na wenye hesabu nzuri, wanaoamini kwamba waandishi wa michezo wanaopiga kura hizo walikosea, wakapumbazwa na gongo wasiangalie ulinzi.

Hoja yao ina uzito, na sitaki kuipunja. Trout alikuwa na miaka 20 alipoitwa kutoka ligi ya chini mwishoni mwa Aprili, Angels wakiwa wameshinda mechi 6 na kupoteza 14. Katika mechi 139 alipiga kwa wastani wa .326 (mapigo 326 yenye mafanikio kwa kila majaribio 1,000), akapeleka mipira 30 nje ya ukuta, akafunga mikimbio 129 (mkimbio ni pointi ya mtu aliyezunguka beisi zote) na kuiba beisi 49 huku akinaswa mara 5 tu. Katika uwanja wa kati alikuwa kama paka: ule mpira wa J.J. Hardy kule Baltimore mwezi Juni aliunyakua ukiwa tayari umeshavuka ukuta, mkono wake mzima uking'ang'ania hewa upande wa pili. Kipimo cha WAR, kinachojumlisha kupiga, kukimbia na kulinda ili kusema mchezaji ameiongezea timu ushindi mara ngapi kuliko mtu wa kawaida wa akiba, kilimpa zaidi ya 10. Cabrera alipata kama 7. Na wanaosema Cabrera alistahili kwa sababu timu yake ilifika mtoano wakumbuke kwamba Angels walishinda mechi 89, Tigers 88. Ni ramani ya makundi ya ligi tu iliyowatenganisha, kwani kila timu hushindana kwanza ndani ya kundi lake.

Upande wa gongo, Cabrera hahitaji wakili. Wastani wa .330, homurani (mipira iliyovuka ukuta) 44, mikimbio 139 iliyopatikana kwa mapigo yake: aliongoza ligi katika yote matatu, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Carl Yastrzemski mwaka 1967. Tofauti ilikuwa nyembamba mahali pengine, kwani waliomfuata kwa homurani walikuwa na 43. Ni kweli pia kwamba mikimbio ile 139 inategemea nani yuko kwenye beisi mbele yako, na kwamba mara 28 mpira wake mmoja uliwatoa nje watu wawili wa timu yake. Hayo yamejadiliwa vya kutosha.

Kisichojadiliwa vya kutosha ni sababu ya Cabrera kuwa kwenye beisi ya tatu. Hapo awali alikuwa mchezaji wa beisi ya kwanza, mahali panapomfaa mtu mwenye mwili wake wa kilo zaidi ya 100, na alikuwa hajacheza beisi ya tatu kwa ukawaida tangu mwanzoni mwa 2008. Januari 2012 Victor Martinez, mpigaji wa Tigers, aliumia goti, Tigers wakamsajili Prince Fielder kwa miaka 9 na dola milioni 214, na Fielder alikuwa mtu wa beisi ya kwanza. Mmoja alipaswa kuhama. Nyota wa timu ndiye aliyehama, tena kwenda mahali pagumu zaidi: beisi ya tatu iko mita 27 tu na ushei kutoka kwa mpigaji, na kutoka hapo unapaswa kurusha mpira takriban mita 39 kuvuka uwanja kabla mkimbiaji hajafika.

Alicheza mechi 161. Makosa yake kwenye beisi ya tatu yalikuwa 13, idadi isiyotisha hata kidogo. Wapinzani hujibu, na wana haki, kwamba idadi ya makosa hudanganya: mzito asiyeufikia mpira haandikiwi kosa, mpira unampita tu. Ndiyo maana vipimo vya kisasa huangalia eneo ambalo mchezaji anaweza kulifikia, na kwa vipimo hivyo Cabrera alikuwa chini ya wastani. Kimoja kati ya hivyo, kinachoitwa UZR, kilimkata takriban mikimbio 10 kwa msimu, sawa na ushindi mmoja hivi.

Basi tuchukue hesabu hiyo hiyo, tusiikimbie. FanGraphs, mtandao wa takwimu za besiboli, katika kukokotoa WAR, humpa mchezaji wa beisi ya tatu nyongeza ya mikimbio 2.5 kwa msimu mzima kwa ugumu wa nafasi yake, na humkata wa beisi ya kwanza mikimbio 12.5. Weka Cabrera mbovu kwenye beisi ya tatu: ongeza 2.5, toa 10, anabaki na upungufu wa 7.5. Weka Cabrera wa wastani kabisa kwenye beisi ya kwanza: upungufu wa 12.5. Kwa kipimo chao wenyewe, yule anayechekwa kwenye nafasi ngumu alikuwa na thamani kubwa kuliko ambavyo angekuwa kama angekataa kuhama na kubaki anacheza vizuri pale alipozoea. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi, na kila mara inanishangaza kwamba haitajwi.

Halafu kuna Fielder. Alicheza mechi zote 162, akapiga .313 na homurani 30. Hayo ni yake, yameandikwa kwa jina lake na ndivyo inavyopaswa. Lakini nafasi ya kusimama aliachiwa na mwenzake, na hakuna safu ya takwimu inayoandika hilo.

Je, hili linamfanya Cabrera amzidi Trout? Hapana. Hata ukimfutia makato yote ya ulinzi, pengo la WAR linapungua kwa ushindi mmoja, na bado linabaki kama mawili. Ningekuwa na kura ningempa Trout. Lakini waliompa Cabrera hawakufunga macho kuhusu ulinzi kama wanavyosingiziwa. Walimwona mtu aliyekubali kuonekana mbovu kwa miezi sita ili timu ipate gongo la pili, akachukua na mataji matatu ya upigaji humo humo. Kumkata kwa ulinzi ni sawa, maana mipira ilimpita kweli. Kumsema kana kwamba alijipeleka beisi ya tatu kwa kutojijua ni kumdhulumu.

Novemba 2013 Tigers walimpeleka Fielder Texas, wakampata Ian Kinsler. Msimu uliofuata Cabrera alirudi beisi ya kwanza.