Gari limerudi, na geti la mama je?

Tangu gari langu lililoibwa lipatikane, kila ninayekutana naye ananiambia nishukuru. "Wengine hawayaoni tena, ndugu yangu. Lako limepatikana." Haya, nimeshukuru. Sasa naomba ruhusa nikasirike kidogo.

Gari lililorudi si lile lililoondoka. Kioo kidogo cha mlango wa nyuma hakipo. Kifuniko cha chini ya usukani kimeng'olewa, swichi ya ufunguo imechokonolewa mpaka limebaki tundu, na nyaya zinaning'inia juu ya pedeli. Loki ya usukani nayo imekatwa kwa nguvu. Kipande cha bampa kilibaki kwenye geti la jirani yetu, mama mjane ambaye kosa lake pekee ni kujenga pale njia inapokata kona. Geti limepinda katikati na nguzo moja imelala chini.

Siku ya mwizi kusomewa mashtaka tulikwenda wote wawili, mimi na mama huyo. Likasomwa kosa moja: wizi wa gari. Hakimu akageuza karatasi, nikajua sasa tunafika kwenye geti. Kumbe anatafuta tarehe ya kuahirisha. Mama akaniinamia sikioni: "Mwanangu, geti langu limeandikwa wapi?"

Nilimfuata mwendesha mashtaka nje nikamuuliza. Akanijibu kwa upole kabisa, kama anayemweleza mtoto, kwamba uharibifu "umemezwa" na wizi. Umemezwa! Kuiba ni kuchukua. Mtu anaweza kuokota ufunguo mezani akaondoka na gari bila hata kulikwaruza. Aliyevunja kioo kafanya jambo la pili, na aliyeangusha geti kafanya la tatu, tena kwa mtu ambaye hakuibiwa kitu chochote. Ukisema hasara yake imo ndani ya wizi wa gari langu, umemfanya mpangaji kwenye kesi yangu. Siku nikiamua kusamehe, yeye ndiyo basi?

Halafu inakuja ile hoja inayonipandisha presha kuliko zote: hakukusudia. Alitaka gari, hakulitaka geti. Ukweli ni kwamba sheria za uharibifu wa mali kwa kawaida hudai makusudi, au walau mtu awe ameiona hatari akaipuuza. Uingereza wana sheria yao ya uharibifu ya mwaka 1971, na tangu uamuzi wa 2003 wa Baraza la Malodi, lililokuwa ndilo mahakama yao ya juu kabisa wakati huo, mshtaki anapaswa kuonyesha kwamba mshtakiwa mwenyewe, kwa akili yake, aliitambua hatari. Kwa hiyo mwizi anakimbiza gari usiku, taa moja imekufa, anakata kona kama anafukuzwa na nyuki, kisha anasema: mie wala sikuliona geti. Ingia kichwani mwake ukathibitishe.

Waingereza hao hao walichoshwa na mchezo huu. Vijana walikuwa wakichukua magari ya watu kwa kujifurahisha, wanayakimbiza, wanayabamiza, wanayatelekeza. Hata kuwashtaki kwa wizi kulikuwa kugumu, maana wizi kwao unataka nia ya kumnyima mwenye mali moja kwa moja, na hawa wanasema walikuwa wanaazima tu. (Wanaazima! Kwa bisibisi!) Kuchukua gari bila ridhaa kulikuwa na kosa lake, lenye kifungo kisichozidi miezi 6. Ndipo mwaka 1992 Bunge lao likapachika kifungu cha 12A kwenye Sheria ya Wizi ya 1968. Ukichukua gari la mtu, na kabla halijapatikana likaharibika, au uendeshaji wake ukaleta ajali iliyoharibu mali ya mwingine, kosa lako limekuwa zito na kifungo kinaweza kufika miaka 2. Hakuna anayekuuliza kama ulikusudia. Ukitaka kuchomoka, ni wewe wa kuthibitisha kwamba uharibifu ulitokea kabla hujalichukua, au kwamba hukuwa ndani yake wala karibu nalo. Hata aliyepanda tu huku akijua gari si lao anaweza kuguswa.

Hiyo ndiyo akili ninayoitaka. Ukishika usukani usio wako, umeshika na vyote utakavyogonga nao.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba kamba hiyo inaweza kukazwa kupita kiasi. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ambayo mtu alikufa, ilisema haitoshi kwamba mshtakiwa alikuwa akiendesha gari alilolichukua. Lazima kuwe na kosa fulani katika uendeshaji wenyewe lililochangia ajali. Sawa. Mwizi akisimama kwenye taa nyekundu kisha mwingine akaja kumvaa kwa nyuma, hilo simdai. Nimesema, msinirudishe tena hapo. Lakini geti la mama halikuja kumvaa mtu. Lilikuwa limefungwa.

Kwa wanaoniambia bima italipa: bima ni mkataba wangu na kampuni, mwizi hahusiki, na mwenye bima ya watu wa tatu peke yake halipwi kitu kwa gari lake kuibwa.

Na wanaosema makosa yawe mawili au matatu, vifungo vitakwenda pamoja tu, basi waende na mama mahakamani. Hakimu akifikia suala la fidia, ataangalia kosa lililo mbele yake. Geti ambalo halikuandikwa litalipwa kwa karatasi ipi?

Juzi fundi alipofungua kiti cha dereva ili afagie vioo, akatoa bisibisi bapa, mpini umefungwa utepe mweusi, ncha imepinda. Nikaipeleka kituoni. Nikaambiwa kesi ya wizi imekamilika, haihitajiki. Ipo kwenye droo jikoni.